Kwa Baba Mkwe Niliyempisha Njia

Baba mkwe wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu sikuwahi kusema nawe moja kwa moja. Miaka kumi na mmoja nimeishi kwenye mji wako pale Nkunga, nimekula ndizi zako, nimechuma chai yako siku za likizo, na katika miaka yote hiyo nilikutazama usoni mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ujinga. Ya pili nitaieleza, maana ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Ya kwanza unaikumbuka. Mwanao Gwamaka alinileta nikusalimie, kabla hata ya barua ya posa kuandikwa. Mimi mtoto wa Singida, nimepangiwa kufundisha fizikia Tukuyu, na sikujua lolote la huku zaidi ya mvua. Nikakukuta umekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nikakufuata moja kwa moja, nikapiga goti, nikanyoosha mkono, nikakutazama machoni huku natabasamu meno yote nje. Uliinuka kama mtu aliyekalia kaa la moto, ukazunguka nyumba, ukapotelea migombani.

Nililia mpaka stendi. Nilijua umenikataa. Gwamaka alicheka akashika mbavu, ndipo akaniambia jambo ambalo mwanamume mwenye akili angelisema kabla hatujapanda gari: kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mkamwana hutoka njiani, akageuza uso mpaka mzee apite. Mnaita ukutila. Si chuki, alisema, ni heshima. Wewe ulikimbia ili kuninusuru na aibu, na mimi nikadhani unanikimbia.

Basi nikajifunza. Nilikujua kwa masikio. Ukikaribia kona yoyote ulikohoa mara mbili, halafu ukagonga fimbo kwenye shina la mgomba. Hapo mimi naweka ndoo chini, naingia pembeni, nakupa mgongo, khanga kichwani. Mabuti yako ya mvua yanapita. Ukishafika mbali kidogo unaisemesha migomba kwa sauti: "Watu wa hapa wameamka salama?" Nami najibu nikiwa nimeelekea upande wangu kwamba watu wa hapa wameamka salama, sijui wa huko. "Ndaga," unanishukuru kwa Kinyakyusa, na safari inaendelea.

Jioni mambo yalikuwa mazuri zaidi. Wewe nje barazani, mimi ndani jikoni, na mama, mkeo, amekaa kizingitini akipeleka maneno ambayo sote wawili tulikuwa tumeshayasikia. Akiona ni marefu anayapunguza. Kuna siku ulimwambia, "Muulize mwalimu, huko shuleni anafundisha nini hasa."

Nikasema, "Mwambie baba nafundisha habari za vitu vidogo sana. Vidogo kiasi kwamba ukijua vizuri kilipo, hujui vizuri kinakoelekea. Na ukijua kinakoelekea, hujui kilipo."

Mama akakugeukia. "Anasema anafundisha vitu vinavyopotea."

Ukajibu toka barazani. "Mwambie hata ndama wangu yuko hivyo, na serikali hainilipi mshahara."

Nilicheka hadi nikaunguza maharage. Ulikuwa unanipenda, baba, nami nilikuwa nakupenda, na nalisema wazi kwa sababu mama asingekubali kulipeleka neno kama hilo.

Mwaka wa pili wa ndoa ulimtuma mama aniambie niache ukutila. "Mwambie mwalimu apumzike. Yeye si wa huku, na siku hizi hata kwa mchungaji wanashikana mikono na wakwe zao." Uliniachia huru kabisa. Mimi ndiye niliyekataa. Sababu moja ni kwamba baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo hakuna mwanamume aliyewahi kukohoa ili mimi nisishtuke. Sababu ya pili ni kwamba akina mama wa kanisani walikuwa wananisifu. Mgeni huyu, walisema, anawashinda watoto wetu wenyewe. Nikavimba kichwa, na nikaishika mila yenu kwa nguvu kuliko ninyi wenye mila.

Tuliwahi hata kukwama. Ulikohoa, nikaingia pembeni, nikageuka, nikasubiri. Kumbe na wewe umesimama kwenye kona unasubiri mimi nipite kwanza, kwa vile ulisikia nimebeba kuni. Tukasimama hivyo, kila mtu anamheshimu mwenzake, mpaka mama akatokea na kupiga ukelele, "Ninyi mtaota mizizi hapo!" Hadithi hiyo uliirudia kila Krismasi. Naomba uikumbuke vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya.

Shuleni nilikuwa nakutumia. Sikukutaja, nilisema tu "baba mkwe mmoja". Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, lakini likikaza nafunga mlango na kurudi kwenye Kiswahili. Nilikuwa nawaambia kidato cha sita hivi: kuna mkamwana asiyeruhusiwa kutazama. Akimsikia baba mkwe anakohoa, anajua alipo, lakini hajui atashika njia ya zizini au ya kisimani. Akisikia mabuti yanatembea, anajua mwendo, lakini hawezi kuonyesha kwa kidole ni mgomba upi amefikia. Hiyo, nikasema, ndiyo kanuni ya kutokuwa na uhakika. Wanafunzi waliupenda mfano huo. Niliutumia miaka saba.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Ilikuwa masika, asubuhi ya manyunyu. Natoka bombani na ndoo kichwani. Redio ya jirani ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa tatu. Ukakohoa mara mbili. Ukagonga mgomba. Nikatua ndoo, nikaingia pembeni, nikakupa mgongo, nikajifunika khanga. Mabuti hayakupita. Nilisikia kitu kikidondoka, nikadhani ni jani kavu la mgomba limeelemewa na maji. Nikangoja. Nikajisemea, mzee ananisubiri mimi leo, hadithi ya Krismasi imepata sehemu ya pili. Nikatabasamu peke yangu. Halafu nikaanza kupanga somo la Jumatatu kichwani, na somo lenyewe lilikuwa hilo hilo la kutokuwa na uhakika. Nilikuwa nakufikiria wewe, baba, kwa ajili ya ubao.

Taarifa ya habari ikaisha, matangazo yakaisha, salamu za wasikilizaji zikaanza. Ndipo nikaona baridi, na nikageuka.

Ulikuwa umelala upande katikati ya njia, mkono umekwama chini yako, hatua sita kutoka niliposimama. Macho yako yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama. Hiyo ndiyo mara ya pili. Sijui ulikuwa umeutazama mgongo wangu kwa muda gani.

Nikapiga kelele. Mama akateremka mbio kutoka shamba la chai, Gwamaka akaja na gari la jirani, tukakupeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akasema ni kiharusi, akauliza swali moja: "Alianguka saa ngapi?" Wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Sasa hivi tu, daktari. Nilipita nikamkuta." Akaandika. Mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha watoto kuandika kipimo kama kilivyo, nilitoa kipimo cha uongo mbele ya mtu aliyekihitaji kwa tiba.

Siku ya tatu ulifariki bila kusema neno. Msibani nilishikwa mikono na akina mama wote. "Ndaga fijo, mwalimu. Usingekuwepo wewe, mzee angefia njiani." Gwamaka alisimama mbele ya watu akanishukuru. Nilitazama chini. Walidhani ni unyenyekevu.

Nilitafuta pa kujificha, na nikapapata kwenye somo langu mwenyewe. Nilijiambia hivi: katika fizikia ya vitu vidogo, kabla ya kipimo kufanyika, jibu halijawa jibu. Basi kabla sijageuka, hukuwa umesimama wala hukuwa umeanguka. Nilipogeuka ndipo ulipoanguka. Kwa hiyo nilichomwambia daktari kilikuwa kweli kwa namna fulani. Najua kinavyosikika. Lakini nililala usingizi kwa hesabu hiyo miezi mitatu mizima.

Aliyeivunja ni Tumpale, msichana wa kidato cha sita anayekaa dawati la mbele na hana simile. Nilikuwa nimerudi darasani, nikautoa mfano wa baba mkwe kama kawaida. Akanyoosha mkono.

"Madam, lakini huyo baba mkwe mwenyewe si anajua anakokwenda?"

Darasa likacheka. Akaendelea, "Yaani ni mkamwana tu ndiye hajui. Akigeuka anamwona. Sasa na elektroni nayo inajua inakokwenda, ila sisi ndio tumegeuka?"

Niliwapa zoezi, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya maabara karibu na tangi la maji. Miaka saba nimefundisha makosa, na mtoto wa miaka kumi na minane ameyaona kwa dakika moja.

Kesho yake nilirudi na kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye kitasa cha mlango. Nikueleze na wewe, bila mama kupunguza. Ukiirusha kamba mara moja tu, kinakwenda kinundu kimoja. Unaweza kukionyesha kwa kidole, kiko pale. Lakini mtu akikuuliza mawimbi yake yana urefu gani toka moja hadi jingine, huna la kupima, maana hakuna jingine. Ukiitikisa mfululizo, urefu huo unaupima vizuri kwa rula, ila mtu akikuuliza wimbi liko wapi, liko kamba nzima. Kamba haifichi kitu. Majibu mawili ya uhakika kwa pamoja hayapo ndani ya kamba. Elektroni ina tabia ya wimbi, na mwendo wake umo katika urefu wa wimbi hilo. Ndiyo maana ukibana mahali ilipo, mwendo wake unatawanyika. Hakuna chombo bora kitakachoponya jambo hilo, wala si kwamba vipimo vyetu vinaisukuma tu, ingawa mimi nilikuwa nafundisha hivyo pia.

"Kwa hiyo Tumpale yuko sahihi," nikawaambia. "Mfano wangu ulikuwa wa mtu asiyejua. Kanuni inasema juu ya kitu ambacho jibu lenyewe halimo."

Tumpale hakuridhika. "Basi kwa nini mkungu wa ndizi hauko hivyo, madam? Si umetengenezwa na hizo hizo elektroni?"

Ni swali zuri kuliko la kwanza. Nikajibu kwa uangalifu, na wakati najibu nilikuwa nasikia kila neno likinirudia. Mkungu nao uko chini ya kanuni hiyo hiyo, lakini kwa ukubwa wake kutokuwa na uhakika kunakuwa kudogo mno, hakuna rula ya kuupima udogo huo. Halafu kuna jambo la pili. Kitu kikubwa hakiachwi peke yake. Hewa inakigonga, mwanga unakigonga, joto linatoka ndani yake, na kila kinachokigusa kinaondoka na habari zake. Haihitaji mtu ageuke atazame. Nafasi ya kuwa huku na kule kwa pamoja inakwisha haraka kuliko kufumba jicho. Mpaka wenyewe kati ya vitu vya namna ile na vya namna hii si kama ule wa Kasumulu wa kuingilia Malawi, wenye geti na watu wa kugonga mihuri. Wataalamu wanaendelea kujaribu na vitu vikubwa zaidi, wakivifungia pasipo hewa, penye baridi kali, na baadhi bado vinaonyesha tabia ya wimbi. Hakuna aliyeonyesha mstari. Lakini mkungu wa ndizi kwenye mvua uko upande wetu, hilo halina ubishi.

Na mzee wa kilo sabini pia, baba. Manyunyu yalikuwa yanakupiga. Tope lilikuwa limekupokea. Uliangukia pale wakati taarifa ya habari inaanza, na ilikuwa hivyo mimi nikitazama au nisitazame. Kugeuka kwangu hakukuongeza kitu kwenye kuanguka kwako. Kukawia kwangu kugeuka ndiko kulikochelewesha msaada.

Nimejifunza kwamba kuna kutojua kwa aina mbili, na mimi niliiba ile ya elektroni, isiyo yangu. Kama ningegeuka mapema ungepona? Hilo sijui, na daktari naye huenda asingejua. Nimesoma kwamba katika kiharusi dakika zina uzito mkubwa, sikuhitaji kusoma zaidi. Lakini nilisimama kwa muda gani, hilo nalijua. Ni taarifa ya habari nzima na matangazo yake. Robo saa na ushei.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kukaa na mama. Gwamaka alikuwa zamu kiwandani, akiangalia boila la mvuke. Tulikaa barazani, ungo wa maharage katikati yetu. Nilikuwa nimepiga moyo konde tangu asubuhi, na bado nilichambua nusu ya ungo kabla sijafungua mdomo.

Nikasema, "Mama, mimi sikumkuta baba ameanguka. Nilikuwepo. Alikohoa, nikampisha, nikageuka. Hakupita. Nilisimama pale robo saa nimempa mgongo, naye yuko chini. Daktari nilimdanganya."

Mikono yake iliendelea na maharage, moja zuri huku, moja bovu kule. Halafu ikaacha.

"Nilikuona," akasema.

Sikuelewa.

"Nilikuwa juu kule, kwenye chai. Yeye sikumwona, migomba ilimziba. Wewe nilikuona. Ile khanga yako nyekundu. Nikasema, tazama mtoto wa watu anavyomheshimu mume wangu, kwenye mvua hii. Nikainama, nikachuma. Nikainuka, bado umesimama. Nikafurahi. Sikujiuliza mbona mzee hapiti." Alitazama mikono yake. "Nilijaza kapu zima, mwalimu. Kapu zima nikiwa nafurahi."

Miezi mitano, baba. Msibani tulilala mkeka mmoja, tukala sahani moja, kila mmoja akiwa amejifunika lake. Nilimshika mkono. Hakulia, na mimi sikulia, tulikaa tu kama watu waliotua mzigo na bado mabega yanawauma. Baadaye akaniuliza kama Gwamaka anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi tumwambie wote wawili. Usiende peke yako." Ni kesho, baada ya ibada. Sijui atasema nini, na sitajifanya kwamba jibu lake halipo mpaka nimwulize. Lipo, na ninaliogopa.

Wewe sikuombi jibu. Nilitaka tu lisemwe kwa mdomo wangu, bila mtu wa kulipeleka kizingitini. Nisamehe mgongo wangu, baba.

Pumzika. Barua hii nimeiandika nikiwa nimekuelekea.

Mimi, mkamwana wako.